Kitalu cha njia ya Uyole: rozi za kutambaa chukua, vyungu vyao waachie

Naanza na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama unakaa Mbeya na unatafuta rozi ya kutambaa ya kuweka kwenye chombo, hiki kitalu kisicho na bango, kando ya barabara kuu ukielekea Uyole, ndio mahali pa kununua mche. Mche tu lakini. Chungu usinunue pale, na udongo wao wa kwenye viroba usinunue pale hata wakikupunguzia bei kiasi gani. Sababu ninazo na ntazieleza.

Nazungumzia hasa rozi za kutambaa, zile zinazorusha matawi marefu ya kufungia ukutani au kwenye nguzo za baraza, sio zile fupi za kichaka ambazo kila mtu anazo getini. Na nazungumzia za kwenye vyombo kwa sababu wengi wetu huku mjini tumepanga, uani pavingi kutoka ukuta hadi ukuta, huna hata pa kupanda mchicha, na hata kama udongo upo, ukipanda rozi ardhini ukaihangaikia miaka na miaka halafu mwenye nyumba akakwambia mwanaye anaoa anaitaka nyumba yake, unaondoka unaiacha inachanua kwa ajili ya wengine. Ya kwenye pipa unaipakia kwenye kirikuu na makochi yako unahama nayo.

Kuna watu wanabisha kwamba rozi ya kutambaa haiwezi kuishi kwenye chombo. Inaishi, tena inachanua vizuri sana, ila sio kila aina. Zinatofautiana mno urefu. Kuna ambazo zikikomaa zinaishia mita mbili na nusu au tatu, hizo ndio za chombo. Halafu kuna mfano New Dawn, ile ya pinki iliyofifia, ilitoka Marekani mwaka 1930 na mwaka uliofuata ikapewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya mimea namba 1 ya nchi ile, yaani kabla yake hakuna mmea uliowahi kupewa. Ni rozi nzuri, ngumu, inavumilia shida, lakini inafika mita sita na zaidi, ukiiweka kwenye pipa utakuwa unaitesa na yenyewe itakuwa inakutesa kwa maji. Na kuna zile wanazoita rambla, nyingi zinachanua mara moja tu kwa mwaka, zinalipuka maua mpaka majani hayaonekani halafu basi mpaka mwakani. Hizo za fensi, za mtu mwenye kiwanja chake.

Sasa hapo ndipo hiki kitalu kilipoanza kunikamata. Mzee mwenye kitalu ukimwambia unataka rozi ya kutambaa hakimbilii kukuonyesha. Anakuuliza unaenda kuiweka wapi. Mimi nilishamwamkia, tukasalimiana, nikamwonyesha kwa kidole moja ya pinki ilikuwa imeshapanda juu ya wavu wa kivuli, ina maua madogo madogo yamejazana kama povu. Akauliza, "Nyumbani una ardhi au unaweka kwenye pipa?" Nikamwambia pipa. Akasema, "Basi hii hapana mwanangu. Hii mwenyewe ni ya kupanda juu ya paa la banda. Njoo huku." Akaniacha na hela yangu mkononi akaenda zake nyuma. Jamani, muuzaji anayekunyima kitu ulichokwisha kukipenda, tena cha bei kubwa kuliko kile alichokuja kukuuzia, huyo mi namheshimu.

Akaendelea na maswali. Ukuta umeangalia wapi? Jua linaingia asubuhi au jioni? Kuna bomba karibu? Hilo la ukuta wengi hatulifikirii kabisa, na ukisoma maelekezo ya Wazungu utapotea, maana wao wanasema weka ukuta unaoangalia kusini. Huko kwao sawa. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, kipindi cha baridi Juni na Julai jua letu linakuwa limelalia kaskazini, kwa hiyo ukuta unaoangalia kusini ndio unakaa kivulini miezi ile ile ambayo rozi inalihitaji jua kuliko wakati mwingine wote. Unaoangalia kaskazini ni mzuri, na wa mashariki naupenda zaidi kwa sababu jua la asubuhi linawahi kukausha umande kwenye majani, na umande wa Mbeya mnaujua. Rozi inataka jua angalau saa sita kwa siku. Pungufu ya hapo utapata majani na matawi marefu membamba yanayotafuta mwanga, maua utahesabu.

Miche yenyewe sasa. Biashara kubwa ya pale ni parachichi, ukiingia unapokelewa na Hass mwanzo mwisho, halafu makadamia, halafu miti ya mbao, rozi ziko nyuma kabisa. Lakini huo uparachichi ndio faida ya mteja wa rozi. Watu wanaobebesha miche ya parachichi kutwa kucha mkono wao umeshazoea kisu, na rozi zao zimebebeshwa hivyo hivyo, jicho (pale chipukizi linapotokea) la aina nzuri limechanjwa kwenye gome la rozi mwitu yenye mizizi yenye nguvu. Mzee alishika kiriba kimoja, ule mfuko wa mche, akakiinamisha, akafuta udongo kwa dole gumba pale shina linapotokea, akanionyesha kiungo: kivimbe kama ukubwa wa goroli, gome limeshafunga vizuri pande zote, hakuna ufa, hakuna weusi. Juu yake yametoka mashina matatu manene ya kijani. Halafu akaikwaruza ncha ya tawi kwa ukucha, ndani kijani kibichi. "Hili ndilo la kuangalia, maua usiyaangalie, maua yanadanganya."

Na anasema kweli. Kuna vijana wanapita mtaani na matoroli wanauza rozi zimechanua kabisa, bei chee, ukifika nyumbani ukiigusa unaona ni kijiti kimechomekwa kwenye udongo hakina hata mzizi, ua lile linatumia maji yaliyobaki kwenye kijiti, wiki haiishi limekufa. Kwa hiyo popote unaponunua, pale au kwingine, tikisa mche taratibu. Ukicheza kwenye kiriba kama jino bovu, rudisha. Angalia chini ya kiriba, mizizi miwili mitatu ikichungulia ni sawa, ikiwa imezunguka imejisokota kama kamba huo mche umekaa sana. Pale kitaluni nilikuta michache ya namna hiyo, imesukumwa pembeni, na hawakuiuza bei ile ile, walisema wazi kwamba hii imechelewa.

Bei: mche wa kutambaa elfu nane, ukichukua miwili elfu kumi na tano. Sio bei ya chini kwa Mbeya, mtu wa sokoni Sokomatola atakucheka. Lakini mche uliobebeshwa unaanza maisha ukiwa na mashina matatu na mizizi ya kueleweka, mi naona ni bei ya haki.

Kasoro yao ya kwanza ni majina. Hawana. Rozi zimepangwa kwa rangi, nyeupe, nyekundu, njano, pinki, basi. Nyeupe yao nikiitazama inafanana sana na Climbing Iceberg, ile iliyotokana na Iceberg ya mwaka 1958 ya Kordes, Wajerumani wazalishaji wa rozi, maua meupe ya mafungu mafungu, miiba michache, lakini siwezi kuapa na wao hawawezi kuapa. Kwa mtu anayeweka kwenye chombo jina sio urembo, jina ndilo linakwambia mmea utaishia wapi. Huyo mzee anazijua zake kwa kichwa, anajua ipi inafika wapi kwa sababu amezilea, lakini siku hayupo ukamkuta kijana wake atakuuzia rangi tu. Kibao kidogo cha bati na maandishi ya kalamu kwenye kila safu, urefu na rangi, kingetosha. Nimemwambia, akasema atafanya. Tunasubiri.

Kasoro kubwa ni vyungu. Hapa ntakaa kidogo maana hapa ndipo watu wanapoua rozi zao.

Wana vyungu vya saruji vimepangwa mbele kabisa, vimepakwa rangi, vingine vimechorwa twiga, vinavutia macho kweli. Vina kina cha kama sentimita thelathini, chini kuna tundu moja tu la kidole, na vingine nilivigeuza nikakuta hilo tundu limezibwa na saruji ile ile. Wanauza elfu ishirini na tano. Kwa maua mafupi sawa, kwa rozi ya kutambaa hapana. Rozi inapeleka mizizi chini sana, chombo kinatakiwa kina kisichopungua sentimita 45 na upana usiopungua hapo, yaani lita sitini au zaidi, hapo ndio unalala usingizi. Kwenye kile kidogo mwaka wa kwanza utafurahi, wa pili rozi inaanza majani ya njano, mabua membamba, ukichelewa kumwagia siku moja mwezi wa tisa inainamisha kichwa. Na ukute tundu limeziba, masika yakija mizizi inakaa ndani ya maji inaoza, wewe unaona majani yananyauka unadhani ina kiu unaongeza maji. Hapo mche wa elfu nane mzuri kabisa umekwenda, na lawama anabebeshwa yule mzee wa watu.

Cha kufanya nenda sokoni Mwanjelwa katafute pipa la plastiki la bluu, lile la lita 200. Kata katikati kwa msumeno, unapata vyombo viwili vya lita mia mia, kina chake kinakuja karibu na zile 45 na upana unazidi. Mkiwa majirani wawili mnachanga kila mtu anachukua nusu, bei inakuwa nyepesi kuliko chungu cha twiga. Uliza lilikuwa na nini ndani, kama lilibeba dawa au kemikali liache, la mafuta ya kula au juisi ndio zuri, lisugue kwa sabuni. Toboa matundu chini kwa nondo nyembamba iliyopashwa moto, yawe mengi, kumi na kuendelea, na mengine pembeni karibu na kitako. Liweke juu ya matofali ili maji yatoke bila kuzuiwa na pavingi. Na uliweke mahali pake kabla hujalijaza, likishajaa udongo na maji ni zaidi ya kilo mia, hulisogezi peke yako.

Kuna wanaouliza vyungu vya Wakisi, vile vya mfinyanzi vinavyotoka Matema kule Ziwa Nyasa. Navipenda mno, lakini ni vyembamba, kitako cha mviringo, havina tundu, vimetengenezwa kwa kazi ya maji na jiko. Ukivitoboa vingi vinapasuka. Waachie kazi yao.

Udongo wao wa viroba nao hapana. Ni ule mwekundu mzito, mzuri kwa parachichi linaloenda shambani, ila ndani ya pipa unashindiliwa na maji ya kumwagilia mpaka unakuwa tofali. Changanya mwenyewe. Mimi natumia udongo mweusi wa juu kama nusu, samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa robo, isiyonuka wala kuwa na moto, na robo inayobaki ni vitu vya kupitisha hewa: maganda ya mpunga, yale makavu magumu sio pumba laini za kuku, kwenye mashine za kukoboa wanakuachia bure au kwa hela ya soda, pamoja na yale mawe mepesi ya volkano ambayo ukiyatupa majini yanaelea, huku kwetu mlima Rungwe ulishatugawia zamani. Mawe yale yanashika maji kidogo ndani yake na huku yanaacha hewa ipite, nchi nyingine watu wananunua kwenye mifuko ya duka. Majivu ya jikoni usimwage humo, rozi inapenda udongo wenye uchachu kidogo na majivu yanaupeleka kinyume.

Mzee atakwambia uweke kokoto chini ya pipa kwanza, na hapo tu ndipo mimi na yeye hatukubaliani. Karibu kila mtu anashauri hivyo lakini haisaidii, maji hayaruki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake umelowa chepechepe kwanza, kwa hiyo unakuwa umeipandisha ile sehemu yenye maji karibu zaidi na mizizi na umepoteza nafasi. Mawe yachanganye kwenye udongo wote toka juu hadi chini, kwenye matundu weka kipande cha wavu tu udongo usitoke.

Kwenye kupanda ushauri wake ni sahihi. Kile kiungo kiache usawa wa udongo au juu kidogo, usikifukie. Nchi za barafu wanakifukia kukilinda na baridi kali, sisi baridi ya Mbeya pamoja na kelele zake zote haifiki huko. Na chochote kinachochipua chini ya kiungo ni rozi mwitu hiyo inataka kurudi, ifuate mpaka inapotokea uing'oe kwa mkono, ukiikata kwa mkasi inarudi na wenzake.

Sasa kufunga matawi, hili ndilo lililonifanya nikaamua kuandika, kwa sababu yule mzee alinionyesha kwa vitendo bure bila hata kuomba hela ya soda. Alichukua tawi refu la mche wake mwenyewe uliokuwa umeegemezwa kwenye uzio wa mianzi, lilikuwa limesimama wima lina ua moja tu kule nchani. Akalishika chini kwa mkono mmoja, mwingine ukawa unalisindikiza taratibu, likainama, likalala karibu usawa wa ardhi, akalifunga na kamba ya mgomba. Akaniambia nitazame la pembeni ambalo alililaza mapema. Lile kila baada ya nafasi ya vidole vinne jicho limeamka, limetoa kitawi kifupi, na kila kitawi kina kichwa cha ua. Tawi moja na vichwa vya maua kama kumi hivi vimejipanga juu ya mgongo wake.

Kinachofanyika ni kwamba tawi likisimama wima, ncha yake inatengeneza homoni inayoshuka na kuzuia macho ya chini yasiamke, nguvu yote inakwenda juu. Ukililaza, ule mshuko unapungua nguvu na macho ya njiani nayo yanapata zamu. Kwa hiyo mwenye rozi ya kutambaa anayelalamika inachanua juu tu kwenye bati na chini kumebaki mabua, dawa ni hiyo, tandaza matawi kama feni, mengine nyuzi 45, mengine yalale kabisa, na kama unafunga kwenye nguzo ya baraza yazungushe nguzo usiyanyooshe juu. Fanya yakiwa bado machanga ya kijani. Likishakuwa la kahawia gumu linavunjika mkononi. Kamba ya mgomba au vipande vya kanga iliyochakaa ndio nzuri, waya wa kufungia nondo unakata gome, na tyubu ya baiskeli kwa ukuta unaopigwa na jua inapata moto mno. Pale kitaluni wana vichanja vya mianzi vya kuegemeza pembeni ya pipa, elfu saba, kazi safi imefungwa imara. Hivyo nunua. Watu wa Iringa na Njombe mianzi mnayo tele kwenye mashamba ya ulanzi, nyie tengenezeni wenyewe.

Huduma baada ya kununua nayo naipa alama nzuri. Kijana wake yuko Wasapu, unatuma picha ya jani anajibu, sio papo hapo lakini anajibu siku hiyo hiyo, na anajibu kwa kueleweka. Masika yangu ya kwanza na hizi rozi majani yalianza madoa meusi yenye kingo za kama manyoya, yanageuka njano yanadondoka. Alijibu ni ule ukungu wa madoa meusi, niokote majani yote yaliyoanguka nisiyaache kwenye pipa, nimwagilie asubuhi na chini kwenye udongo nisiloweshe majani, na nisogeze matawi yapitishe hewa. Ni kweli kabisa, ule ukungu unahitaji jani libaki limelowa saa kama saba hivi mfululizo ndio uingie, na mvua zetu za Novemba mpaka Aprili zinaupa hizo saa bila shida. Aliniambia pia ikizidi niende duka la pembejeo nichukue dawa ya ukungu ya mankozebu, hiyo hiyo wakulima wa viazi wanayopulizia, kwa kipimo cha kwenye pakiti na mdomo umefunikwa. Sikufika huko. Pipa likiwa chini ya mwisho wa paa, mvua haiyapigi majani moja kwa moja, hilo peke yake limepunguza madoa zaidi ya nusu. Lakini ndipo ukumbuke na kumwagilia hata kama nje kunanyesha, maana maji ya mvua hayafiki kwenye pipa, na hili watu wanalisahau sana.

Kiangazi ni habari nyingine. Kuanzia Agosti upepo ule mkavu unaanza, chombo kinakauka haraka kuliko ardhi, Septemba na Oktoba ni kila siku asubuhi, unamwaga mpaka uone maji yanatoka chini kwenye matofali. Weka majani makavu juu ya udongo. Na kwa sababu unamwaga maji mengi hivyo virutubisho vinaondoka nayo, kwa hiyo kulisha ni mara kwa mara na kidogo kidogo, kila wiki mbili wakati mmea unachipua, mbolea ya NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) iliyoyeyushwa kwenye maji au samadi ya kuku iliyolowekwa na kuzimuliwa vizuri. Mbolea ya nitrojeni tupu kama CAN ukiizidisha unapata majani ya kufyonzwa na vidukari. Vidukari vyenyewe maji ya sabuni yanatosha.

Kukata matawi, mzee anasema mwisho wa Julai kuingia Agosti, na naona sababu. Huku kwetu rozi hazilali kabisa kama Ulaya, zinasinzia tu kwenye baridi ya Juni na Julai, ukizikata pale baridi inapoachia zinaamka zote pamoja na ndani ya wiki sita mpaka nane una maua, yaani unayapata kabla mvua hazijaanza kuyaozesha. Matawi makuu usiyaguse, kata vile vitawi vya pembeni vilivyokwisha kuchanua ubakize macho mawili matatu. Mwaka wa kwanza usikate kitu zaidi ya kilichokufa. Na maua mwaka wa kwanza usitegemee mengi, hilo wanakwambia wazi kabla hujalipa: rozi ya kutambaa inajenga kwanza, inachanua kwa nguvu kuanzia mwaka wa pili na wa tatu.

Kuhusu kusafirisha, dada yangu yuko Iringa, aliziona kwenye picha akazitaka, wakampakia. Kufunga walifunga vizuri mno, viriba vimevikwa mfuko na kukazwa shingoni udongo usimwagike, matawi yamekusanywa na gazeti, box limetobolewa pembeni na kuandikwa "huku juu". Kampuni ya basi ndio ikalilaza box chini ya magunia, na ni zaidi ya kilomita mia tatu, tawi moja lilifika limevunjika. Kitalu hakikuwa na kosa lakini kijana alisema safari ijayo atamwekea mche wa ziada, na aliuweka kweli bila kukumbushwa. Dada anasema Iringa upepo ni mkali kuliko Mbeya, pipa lake ameliegemeza kwenye kona ya ukuta na kichanja amekifunga kwenye ndoano mbili, vinginevyo lote lingelala chini. Mlioko Makambako na Mafinga chukueni hilo.

Malipo ni taslimu au lipa namba. Parking hakuna, unasimama pembeni ya barabara, na malori ya Tunduma yanapita kwa kasi, kwa hiyo wenye watoto washikeni mikono. Jumapili wanafungua baada ya ibada. Enda asubuhi ili umkute mzee mwenyewe, mchana anakuwa shambani, na mwambie toka mwanzo kwamba unapanda kwenye pipa. Miche mipya inakuwa imekomaa kuanzia mwezi wa kumi, ndio wakati mzuri wa kupanda pia, mvua zinakaribia na joto limeingia. Nyeupe huwa zipo muda wote. Nyekundu inayonukia, ile ya kina ambayo inakaribia weusi ikiwa bado chipukizi, wanakuwa nayo michache na inaisha mapema, ukiikuta beba hapo hapo.